Haikomi au haijakoma?

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu programu za kimantiki, zile zinazoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Prolog. Sentensi yangu moja inasema: "Niliiendesha kwa saa nzima, programu haikomi." Msimamizi wangu hapo hakugusa. Kalamu yake nyekundu imeangukia "kutokukoma", anataka "kutokoma". Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Msimamizi wako, ingawa kalamu nyekundu ni ukali uliozidi. Ku- ya pili ni ya lazima kwa vitenzi vya silabi moja: kutokula, kutokuja. Koma ina silabi mbili, basi kutokoma yatosha. Anayeandika kutokukoma simfukuzi, maana wapo waandishi wazuri walioizoea. Kitenzi chenyewe umekichagua vema. Ndicho kilichozaa kikomo na ukomo, wala hakina undugu na koma ya uandishi, iliyotoka Kiingereza.

Kinachoniudhi ni hiyo "haikomi" iliyoachwa ipite. Ulikaa saa nzima ukaona programu haijakoma. Hilo tu ndilo unalolijua. Haikomi hukanusha inakoma na hukoma pia, kwa hiyo msomaji ataelewa kwamba programu hiyo haina kikomo, leo wala milele. Nani alikuambia? Pengine ingekoma dakika moja baada ya wewe kuizima. Lugha yetu imetupa -ja- kwa ajili ya jambo ambalo bado linaweza kutokea, na nashangaa kuona watu wa kompyuta ndio wanaoitupa. Ni wao waliofundishwa kwamba mwanahisabati Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kuwa hakuna mbinu moja ya kuikagua programu yoyote ile na kusema kama itakoma. Anayesema haikomi anadaiwa uthibitisho.

Na uthibitisho wakati mwingine upo. Chukua kanuni hii, ikiwa ya kwanza katika programu: A ni mhenga wa B ikiwa A ni mhenga wa C na C ni mzazi wa B. Prolog hushughulikia masharti kuanzia kushoto. Iulize Juma ni mhenga wa nani, na sharti la kwanza litairudisha palepale: Juma ni mhenga wa nani? Itauliza tena na tena, bila kumfikia mzazi hata mmoja. (Wengine husema "imeganda". Imeganda vipi, nayo inahangaika hivyo?) Hapa huhitaji kuiendesha hata sekunde moja. Swali la ndani halina sharti lolote la ziada kuliko swali lililolizaa, basi kilichoanzisha mzunguko mara ya kwanza kitauanzisha kila mara. Huo ndio uchanganuzi tuli: kuisoma programu bila kuiendesha. Étienne Payet na Fred Mesnard wa Chuo Kikuu cha Réunion walichapisha mwaka 2006 mbinu ya kuifanya kompyuta yenyewe ibaini maswali ya namna hiyo. Hapo andika haikomi bila woga. Hata kumbukumbu ya mashine ikijaa na ujumbe wa hitilafu ukatokea, programu haikukoma, imekatizwa.

Ukitanguliza mzazi, yaani A ni mzazi wa C na C ni mhenga wa B, kimantiki maana ni ileile, lakini kwa ukoo usiojizunguka, yaani ambamo hakuna aliye mhenga wake mwenyewe, programu hukoma.

Sentensi yako basi iwe: "Niliiendesha kwa saa nzima, na nilipoizima ilikuwa haijakoma." Haikomi ihifadhi kwa ajili ya sura ya matokeo, uchanganuzi wako ukiithibitisha. Kuhusu ku-, mfuate msimamizi.