Maswali ya Wasomaji: Modemu ikiunganika, kompyuta ijimalizie yenyewe

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Ofisi yetu ya ushirika wa wakulima wa chai ina kompyuta 5 zinazotumia modemu moja ya USB yenye laini ya simu, iliyochomekwa kwenye kompyuta ya Debian. Mvua za huku mnazijua: umeme unakatika mara kwa mara. Kila ukirudi, naandika amri 4 kwa mkono: njia ya msingi (inayoelekeza data kutoka nje ya ofisi), seva za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), kanuni ya iptables (inayopitisha kompyuta zote kwenye laini moja) yenye anwani mpya, na tarehe. Kisha natuma faili la mizani makao makuu. Nimezipanga zote kwenye rc.local (faili la amri za kuwakia kompyuta) nikitanguliza sleep 60 (subiri sekunde 60), lakini leo zinakubali, kesho zinagoma. Nakosea wapi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Kosa liko kwenye hiyo sleep 60. Siku mnara uko vizuri, modemu inaunganika kwa sekunde 15. Siku mnara hauko vizuri inaweza kuchukua dakika 3, na amri zako zinakuta ppp0, yaani kiungo cha modemu, haijazaliwa. Tena rc.local inaendeshwa mara moja tu kompyuta ikiwaka, kwa hiyo laini ikikatika saa nane mchana na kurudi, hakuna wa kuiita. Anayejua saa hasa ya kuunganika ni pppd mwenyewe, programu inayosimamia laini ya modemu, na akishapata anwani anaita /etc/ppp/ip-up, ambayo kwenye Debian inaendesha kila skripti iliyomo ndani ya /etc/ppp/ip-up.d.

Lakini usihamishie amri zote huko. Hakuna hata moja kati ya hizo nne inayostahili kuwa kwenye skripti.

Njia ya msingi inagoma kwa sababu, kwa dalili ulizoeleza, kadi ya mtandao wa ndani ina mstari wa gateway kwenye /etc/network/interfaces. pppd akikuta njia ya msingi ipo tayari, haigusi hata ukiwa umeandika defaultroute. Ufute mstari huo; kompyuta hiyo ndiyo lango la wenzake, haihitaji lango jingine upande wa ndani. Kwa DNS, weka usepeerdns kwenye /etc/ppp/peers/ofisi (faili la mipangilio ya muunganisho wako), na pppd ataandika seva alizopewa kwenye /etc/ppp/resolv.conf. Sakinisha dnsmasq (programu inayojibu maswali ya majina ya tovuti), ongeza resolv-file=/etc/ppp/resolv.conf, halafu kompyuta nyingine zote ziulize majina kwa kompyuta hiyo. dnsmasq huliona faili likibadilika, wala huhitaji kuiwasha upya.

Kanuni ya iptables inakufa kwa sababu umetumia SNAT, inayodai anwani maalumu, wakati kampuni ya simu inakupa anwani nyingine kila ukiunganika. Tumia MASQUERADE, ambayo inachukua anwani iliyopo kwa wakati huo:

iptables -t nat -A POSTROUTING -o ppp+ -j MASQUERADE

Alama ya kujumlisha inashika ppp0, ppp1 na kuendelea, kwa hiyo kanuni inapakiwa mara moja kompyuta ikiwaka, hata kabla ya modemu kupiga. Tarehe nayo ni dalili ya betri ya CR2032 iliyokwisha kwenye ubao mama. Ibadilishe, kisha weka chrony (programu inayosahihisha saa kupitia mtandao) yenye mstari makestep 1 -1. Usiipuuze: saa ikirudi nyuma miaka, tovuti salama zote zinakataa kufunguka, na utahangaika na modemu isiyo na kosa.

Kinachobaki kwa skripti ni kile kinachongoja laini tu, yaani kutuma faili lako. Ongeza ipparam ofisi (jina la kuutambulisha muunganisho huu) kwenye faili la peers, kisha andika /etc/ppp/ip-up.d/50ofisi:

#!/bin/sh
PATH=/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin
[ "$PPP_IPPARAM" = "ofisi" ] || exit 0
logger -t ofisi "$PPP_IFACE imepata $PPP_LOCAL"
/usr/local/bin/tuma-mizani &

Ile & ya mwisho ni ya lazima. Skripti za folda hiyo zinaendeshwa kwa foleni, na faili zito likikwama, zote zilizo nyuma yake zinakwama.

SWALI: Kamwene. Skripti yangu naiita mtandao.sh, nimeiweka ndani ya ip-up.d. Nikiiendesha kwa mkono inafanya kazi, modemu ikiunganika haifanyi chochote wala haitoi kosa.
Msomaji, Mafinga

JIBU: Kamwene. Ondoa .sh. Programu ya run-parts, ndiyo inayoendesha skripti za folda hiyo, inaruka bila kusema neno jina lolote lenye nukta. Kisha chmod 755, na hakiki kwa run-parts --test /etc/ppp/ip-up.d, jina lisipotokea, haitaendeshwa. Kosa hulioni kwa sababu pppd anatupa maandishi yote ya skripti kwenye /dev/null, ndiyo maana tunatumia logger, inayoandika kwenye kumbukumbu za mfumo. Anaiendesha pia bila mazingira yako ya kawaida, hivyo ijaribu kama atakavyoiita yeye:

sudo env -i PPP_IFACE=ppp0 PPP_IPPARAM=ofisi sh -x /etc/ppp/ip-up.d/mtandao

SWALI: Modemu inaonyesha imeunganika lakini hakuna kinachopita mpaka niichomoe. Nimeweka lcp-echo-interval 20 na lcp-echo-failure 3, bado.
Msomaji, Njombe

JIBU: Kwenye modemu nyingi za simu, mazungumzo ya LCP (ule ukaguzi wa laini uliouweka kwa lcp-echo) yanaishia ndani ya modemu yenyewe, hayafiki mnarani. Modemu inajibu "nipo" hata kama mnara umezima. Usipime pia kwa anwani ya upande wa pili: ukiona 10.64.64.64, hiyo pppd ameijaza mwenyewe baada ya kukosa kupewa. Pima kitu cha nje, kwa crontab ya root (ratiba ya kazi za msimamizi), kila dakika 5:

*/5 * * * * ping -c 3 -W 5 -I ppp0 8.8.8.8 >/dev/null || pkill -HUP -x pppd

Ishara ya HUP inakata laini, na pppd anapiga tena endapo umeandika persist kwenye faili la peers. Andika na maxfail 0 pia. Usipoandika, anakata tamaa baada ya majaribio 10 yaliyofeli mfululizo, na mnara ukizima usiku kucha, asubuhi utakuta pppd hayupo kabisa.