Damu imerudi miaka 2 baada ya hedhi kukoma: usinunue hiyo chupa

Usinunue. Kama hela hujaituma, iache ilipo.

Umeandika kwamba una miaka 56, hedhi ilikoma miaka 2 iliyopita, joto linakupanda usiku mpaka unaloa, magoti yanauma, na wiki iliyopita umeona damu kidogo kwa siku tatu. Muuzaji wa dawa sokoni amekwambia homoni zinarudi, unywe dawa ya chupa ya kusafisha kizazi miezi 3 na uweke vidonge vyake ukeni vitoe uchafu. Ukamalizia kwa kuuliza ule nini na ufanye mazoezi gani. Dada, hiyo damu umeipitisha katikati kama jambo la pembeni. Ndiyo habari yenyewe.

Mwanamke akishatimiza miezi 12 mfululizo bila hedhi, damu yoyote itakayotoka baada ya hapo inachunguzwa kwanza, dawa baadaye. Iwe tone moja, iwe ya rangi ya waridi, iwe kahawia kama maji ya chai, iwe imetoka mara moja tu baada ya tendo la ndoa. Hakuna damu "kidogo tu" baada ya ukomo.

Hilo neno la homoni kurudi linanichoma kila ninapolisikia. Hedhi inatokana na ovari kupevusha yai, kisha ukuta wa ndani wa mji wa mimba kubomoka mimba isipotunga. Katika umri wako, ukishakaa miaka 2 bila kuona siku zako, kinachotoka kinahesabiwa kuwa kina chanzo kingine hadi vipimo viseme. Mara nyingi si kibaya: ngozi ya uke na ya ndani ya kizazi imekuwa nyembamba na kavu ikachubuka, au kuna kinyama kidogo kinachoitwa polipu. Lakini katika kila wanawake 10 wanaotokwa damu namna hii, karibu mmoja hukutwa na saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Ongeza saratani ya shingo ya kizazi, ambayo hapa Tanzania ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote. Saratani ya ukuta wa mji wa mimba ina jambo moja jema: kwa wagonjwa wengi inatoa damu mapema, ikiwa bado inatibika kwa upasuaji. Anayekwambia usubiri miezi 3 anakunyang'anya muda huo.

Na kuna mtego ulioninasa mimi ukanila miezi mitano. Damu hiyo hukata yenyewe. Polipu au uvimbe unaweza kuvuja siku tatu, ukanyamaza wiki sita, ukavuja tena. Ukiwa umekunywa chupa katikati, sifa anapewa muuzaji. Anakuuzia ya pili, na ugonjwa haujaguswa. Watu hawa wanaona mwanamke ana hofu na aibu, wanamuuzia ukimya kwa bei ya dawa. Sitawasamehe kwa hilo.

Vidonge vya kuweka ukeni ni vibaya zaidi. Ule "uchafu" wanaokuonyesha ukitoka vipande vipande ni ngozi yako iliyoungua, pamoja na mabaki ya dawa. Baada ya ukomo, ngozi ya uke ni nyembamba na ulinzi wake wa asili wa tindikali umepungua, kwa hiyo vidonda na maambukizi ni rahisi. Halafu ukifika kwa daktari, hawezi kujua kidonda kipi ni cha dawa na kipi ni cha ugonjwa. Kwa hiyo usiingize kitu chochote ukeni siku 2 kabla ya kipimo, hata maji ya kujisafishia ndani.

Nenda kliniki ya magonjwa ya wanawake. Kwa Moshi ni Mawenzi au KCMC, kwa Arusha ni Mount Meru. Kama bado unatoka damu, nenda hivyohivyo, damu haizuii uchunguzi. Sema sentensi hii ukiingia, kabla ya kutaja joto na magoti: "Nimekoma hedhi miaka 2 na sasa natokwa damu." Ukianza na magoti utatoka na dawa ya maumivu. Ukisema tu unasikia maumivu chini ya kitovu, utaandikiwa dawa za UTI bila mtu kukuangalia, na hapo zimekwisha wiki nyingine mbili.

Daktari anatakiwa akuangalie kwa kifaa cha kufungulia uke, aone shingo ya kizazi kwa macho. Ukipimwa kwa siki, yaani shingo ya kizazi ikapakwa siki na kutazamwa, ukaambiwa uko salama, usiondoke na furaha. Kwa umri wetu sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imerudi ndani ya mlango wa kizazi, na siki haifiki huko. Tena hicho ni kipimo cha mtu asiye na dalili. Wewe unayo.

Kisha ultrasaundi ya kupitia ukeni. Ile ya juu ya tumbo haipimi vizuri unene wa ukuta wa ndani, na wengi hurudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa "kawaida" kwa sababu yake. Tafuta namba kwenye majibu: ukuta wa milimita 4 au chini, hatari ya saratani ni ndogo sana. Ukizidi 4, daktari achukue kinyama kidogo kutoka ndani kiende maabara. Na damu ikirudi tena, kinyama kichukuliwe hata kama ni 3. Andika tarehe kilipochukuliwa na namba ya sampuli, kisha ufuatilie mwenyewe. Usikae ukingoja kupigiwa.

Mweleze daktari kama una kisukari, presha au uzito mkubwa. Baada ya ukomo, mafuta ya mwili ndiyo yanayotengeneza sehemu kubwa ya estrojeni, homoni ya kike inayokuza ukuta huo, na haina tena projesteroni, homoni mwenzake, ya kuizuia isinenepeshe ukuta wa kizazi. Kwa sababu hiyohiyo mitishamba isiyojulikana inanitisha: baadhi ina nguvu kama ya estrojeni, na hakuna aliyeipima kwenye ile chupa.

Joto la usiku: punguza kahawa na mbege jioni uone kama linatulia. Likiambatana na kikohozi cha wiki 2 au kupungua uzito, upimwe kifua kikuu. Mengine ya chakula tutaongea majibu yakishatoka.

Nijibu haya leo. Umewahi kutumia vidonge au sindano za homoni, au tamoksifeni ya saratani ya matiti? Unakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda? Na hiyo damu, una hakika inatoka ukeni na si kwenye mkojo au haja kubwa? Vaa pedi nyeupe kutwa nzima, na ujifute mbele na nyuma kwa vitambaa tofauti, utaona.