Viazi vya kwenye ndoo: maswali yenu

Maswali ya viazi mviringo yamezidi wiki hizi, na karibu nusu ni swali moja. Tulimalize kwanza.

Viazi vya jikoni vimechipua. Nivipande?

Nimelijibu hili mpaka basi. Vitaota, sikatai, ila kuota si kuzaa. Kiazi cha kula hakuna aliyekikagua kwa ajili ya mbegu. Kinaweza kuwa kizuri kwa nje na ndani kimebeba virusi au bakteria wa mnyauko. Virusi utavijua majani yakijikunja na mche ukidumaa. Mnyauko ni mbaya zaidi: mche unalegea mchana ilhali udongo una maji. Ukishuku, kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe zinashuka kutoka kwenye mkato, ndio huo, na dawa hauna. Ng'oa, choma, udongo wake usiumwage bustanini, na kisu kisafishe kwa dawa ya kuua vijidudu. Haya yote kwa kukwepa kununua mbegu iliyothibitishwa, tena ya ndoo tatu tu!

Ndoo ya lita 10 inatosha?

Mche mmoja, ndiyo. Na itoboe matundu chini, maana naona wengi mnasahau.

Nimeona pipa linaongezwa udongo hadi juu, eti utavuna pipa zima. Kweli?

Picha ya pipa umeiona. Ya mavuno je? Aina nyingi, hasa zinazokomaa mapema, huzaa karibu na pale mbegu ilipolala, basi. Kupandishia udongo ni kwa ajili ya kufunika viazi visipigwe na mwanga. Mche ukifika sentimita 20, funika nusu, acha majani ya juu yapumue. Rudia mara moja au mbili. Hayo mengine ni kubeba udongo bure.

Vilivyogeuka kijani nikivichemsha sana vitalika?

Hapana. Rangi ile inakuambia kiazi kilikaa kwenye mwanga, na mwanga huohuo huongeza solanini, sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Kilichoenea kijani au chenye uchungu, tupa. Hujauliza, lakini vile vitunda vinavyotokea baada ya maua, mfano wa nyanya changa, navyo ni sumu. Mwenye watoto avikate.

Majani yamestawi ajabu, chini hakuna kitu.

Umezidisha mbolea yenye naitrojeni, ile inayokuza majani, au ndoo inaungua. Udongo ukikaribia nyuzi joto 30, mche karibu unaacha kutunga viazi. Ndoo nyeusi juu ya sakafu ya saruji hufika huko upesi. Ikinge ubavuni, majani yabaki juani.

Niweke majivu?

Usiweke. Yanapunguza uchachu wa udongo, na ukoko wa ngozi, ugonjwa unaotia viazi magamba, unapenda hivyo.

Nivune lini?

Majani yakishakuwa ya njano na kulala, acha kumwagilia, ngoja wiki mbili. Sugua kiazi kwa kidole gumba. Ngozi ikichubuka, bado.

Udongo huohuo unafaa msimu ujao?

Kama mimea haikuugua, panda maharage au mchicha. Viazi usirudishe, wala nyanya, biringanya au pilipili: ni ukoo mmoja, na magonjwa yao mengi ni yaleyale.