Duara Angavu Halitoshi Kuthibitisha Bakteriosini

Ninyi mnaoanza kutafuta bakteriosini, yaani protini ambazo bakteria huzitoa kuwaua bakteria wengine, hasa jamaa zao wa karibu, mtaliona mapema duara angavu, yaani sehemu ambamo bakteria wengine hawakuota, kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), nami nawasihi msiliamini upesi. Nilipoanza kazi hii niliwapata bakteria wa asidi ya laktiki waliofyeka kila kitu pembeni mwao, nikaandika daftarini kwamba nimepata bakteriosini, kisha nikatumia majuma kadhaa kuisafisha bila kupata chochote, kwa sababu iliyokuwa ikiua ni asidi tu.

Tangu siku hiyo, kimiminika walimokulia bakteria nakichuja kwa chujio lenye matundu ya mikromita 0.22, nakirekebisha kwa sodiamu haidroksaidi hadi pH, kipimo cha uasidi, ikaribie 7 ili asidi isiwe ndiyo inayoua, halafu nakigawa: sehemu moja naiwekea katalesi, ambayo huvunja haidrojeni peroksaidi, kemikali nyingine inayoweza kuua bakteria, na nyingine naiwekea kimeng'enya cha kukata protini. Duara likibaki baada ya katalesi na kutoweka baada ya kimeng'enya, hapo ndipo pa kuanza kutumaini. Tumieni zaidi ya kimeng'enya kimoja, maana kila kimoja hukata protini mahali pake, na kimeng'enya peke yake nacho kiwe na kisima chake (kitundu cha kutilia sampuli kwenye agari) kwenye sahani ileile.

Lakini kwenye pH kuna mtego wa pili. Nisini, bakteriosini ambayo hutolewa na bakteria Lactococcus lactis na imeundwa kwa asidi amino 34, huyeyuka na kudumu vizuri zaidi kwenye asidi, kwa hiyo ikiwa kidogo inaweza kuonekana kama imetoweka mara tu mnapopandisha pH. Duara likififia, msitupe sampuli. Ikoleezeni kwanza, kisha mrudie.

Virusi vya bakteria navyo hudanganya, kwani vinapita kwenye chujio hilo bila shida. Kolisini, bakteriosini za Escherichia coli ambazo André Gratia alizieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1925, hutolewa kwa wingi seli zinapoumizwa na mionzi ya urujuanimno, na mionzi hiyohiyo huamsha virusi vilivyolala ndani ya seli. Zimueni sampuli hatua kwa hatua na kudondosha kila hatua kwenye agari yenye bakteria wanaolengwa: doa la bakteriosini hufifia lote kwa pamoja, ilhali la virusi huvunjika na kuwa vidoa vidogo vinavyohesabika.