Gari kwanza, fulana baadaye

Juzi kuna kaka wa Mwanza kaniandikia inboksi, "dada nimeona picha zenu za Mto Msimbazi huko Kigogo, Dar, na mimi nataka nianzishe kikundi cha usafi huku Mto Mirongo, nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu mistari miwili nikajikuta naandika gazeti, nikafuta, nikasema ngoja niiweke huku maana najua nyinyi wote mnaonisoma mna hamu hiyo hiyo, kila mtu hapa anataka mto wa mtaani kwake upitishe maji na siyo pampasi.

Kwanza zile picha zisiwadanganye. Ile nzuri kuliko zote, tuko thelathini na kitu tumenyanyua glovu juu, ilipigwa siku moja kabla sijalia mtoni mbele za watu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, masika yananyemelea. Nilishazunguka wiki tatu nzima, serikali ya mtaa, msikitini, kanisani, kijiwe cha bodaboda, mpaka nikapata kampuni moja (siitaji, sina hela ya wakili) ikasema itatoa fulana na gari la kubebea taka. Fulana zilikuja. Nyeupe jamani, fulana nyeupe za kwenda kuzoa taka Msimbazi, mgongoni nembo kubwa kama sinia. Wakaja na mpiga picha wao, wakashika reki kama dakika kumi na tano hivi, wakapiga picha, wakapanda gari lao, mmoja akaniambia "la taka liko njiani dada".

Tulipiga kazi toka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa sita. Kwa wasiowahi: rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 lakini kwenye kingo za Msimbazi bado zipo, zimelala tabaka kwa tabaka na mchanga katikati, unavuta kipande kinachochungulia kinatoka kidogo kinakatika, unachimba unakuta nyingine chini yake, nyeusi, halafu ile ya mistari ya bluu tuliyokuwa tunapewa sokoni, unaanza kukumbuka enzi hizo ulikuwa darasa la ngapi. Na pampasi sasa. Pampasi iliyokunywa maji ya mto unaibeba kwa mikono miwili kama unambeba mtoto mwenyewe.

Tukajaza salfeti 64. Nilihesabu mara mbili kwa furaha. Tukazipanga ukingoni zisubiri gari.

Gari halikuja. Napiga simu inaita tu, jioni haipatikani kabisa. Nikatafuta kirikuu, dereva wa kwanza alivyoona mzigo akanitajia bei ya kuhamia Morogoro. Nikajisemea basi, kesho. Usiku mvua ikapiga, na Msimbazi mnaijua, maji yanashuka kutoka huko vilima vya Pugu kwa hasira mpaka Jangwani barabara inafungwa. Asubuhi nimefika zimebaki salfeti tisa, na nne kati ya hizo zimechanika. Zingine zote zishaelekea Salender na baharini. Yaani mimi ndo nimezifungashia taka mizigo zikasafiri. Nikakaa chini nikalia. Mama mmoja anayekaanga mihogo pale juu akashuka akasema, "mwanangu, bora mngeziacha zilivyokuwa zimekwama." Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Na kwenye ukurasa wa ile kampuni picha zilishapanda, eti "tumesafisha mto". Zipo mpaka leo. Huwa naingia kuziangalia, hata sijui natafuta nini.

Sasa kaka yangu wa Mirongo. Gari kwanza. Kabla ya bango, kabla ya fulana, kabla ya grupu la wasapu. Gari lililolipiwa angalau nusu, dereva unayepajua hadi kwao, na dampo umeshaulizia wanapokea mwisho saa ngapi. Sisi siku hizi tuna guta mbili zinatoa mzigo kidogo kidogo mpaka barabarani, kirikuu kinasubiri juu, na hakuna anayegusa soda mpaka salfeti ya mwisho ipakiwe. Kama hela yako inatosha salfeti 20 jaza 20, zilizobaki ziache zikae. Watu wananishangaa hapo, eti unaachaje taka unaiona. Naacha. Gari kwanza.

La pili, waokota makopo. Sisi tulikuwa tunawaona vibaka, kumbe wale ndo wanausafisha huo mto kila siku bila fulana. Waite mapema, chupa zote wachukue wao wakauze kwa kilo, mzigo wako unapungua na wanakuonyesha taka zinaingilia mtaro upi. Glovu nunua za mafundi ujenzi, siyo zile laini za hospitali, mle kuna sindano na vigae vya chupa, na kama hujachoma sindano ya pepopunda kachome. Na gari, nishasema?

Halafu tuambiane ukweli ndugu zangu. Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa tukaambiwa nchi nzima tufanye usafi, ikaja na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mpaka leo mtu anashika fagio mtendaji akiwa anapita, akipita tu fagio linarudi nyuma ya mlango na ile takataka aliyofagia anaisukumia mtaroni. Mtaroni! Unadhani mtaro unaenda wapi? Usiku huo huo mvua ikinyesha unalalamika maji yameingia ndani. Tuache kujidanganya, na mimi nikiwemo, niliyepanga salfeti 64 ukingoni nikaenda kulala.

Mara ya pili tulikuja kumi na moja tu. Salfeti 18, zote zikafika dampo. Picha hatukupiga, simu yangu ilikuwa haina chaji.

Kaka, ukishapata bei ya gari niandikie, fulana tutaziongelea baada ya hapo.