Mtoto kaniuliza swali nikakosa jibu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwanangu yuko darasa la nne, juzi kaniuliza kwa nini yeye akatazwe uongo wakati baba yake akipigiwa simu na anayemdai anasema yuko Moshi na huku kakaa hapo sebuleni. Hivi maadili mtoto anayatoa wapi, madrasa, shule au kwetu?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Anayatoa kote huko ila kwenu ndo kwanza, madrasa anasomeshwa uongo ni dhambi na shule anaandika kwenye daftari lakini kuona anaona kwenu, na mtoto anaamini macho yake. Zamani pwani binti alikuwa na somo wake, mama wa kumfunda, wavulana wakienda jando, na mtoto wa jirani ukimkanya mama yake anakushukuru, siku hizi utaambiwa una roho mbaya, na mi hapo naumia kweli maana mzazi kaachiwa kazi peke yake.

Hata taifa zima ni hivyohivyo. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha, 1991 Azimio la Zanzibar likayalegeza masharti hayo, wadogo nao wakajifunza kwa wakubwa.

Sasa ongea na mumeo mtoto akishalala, usimseme mbele yake. Apokee hiyo simu, ataje siku ya kulipa hata kama ni kidogokidogo, na mtoto amsikie akisema ukweli.