Damu ya mzee ni rangi gani? Majibu kwa wasomaji

Barua nyingi safari hii zinauliza majina ya rangi. Nimechukua hizi nne.

*Kamati ya harusi ya mdogo wangu imepitisha sare ya damu ya mzee. Nikifika dukani, kila muuzaji ananitolea kitambaa chake. Rangi yenyewe ni ipi? (Igoma)*

Dada, ni nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Mafundi cherehani wengi huiita maruni. Kikunje kitambaa: ndani ya mkunjo patakuwa peusi. Kinyooshe juani, wekundu utajitokeza. Kikielekea zambarau, kiache.

Wauzaji hawakudanganyi, maana jina hilo lina mikolezo mingi. Ndiyo sababu naiomba kamati isitume jina tupu kwenye kundi la WhatsApp, wala picha, kwa kuwa kila simu huonyesha rangi kivyake. Mkate vipande vya kitambaa chenyewe, kila mwanasare apewe chake aende nacho dukani. Tena msichague chini ya taa. Vitambaa viwili huweza kufanana kabisa ndani ya duka, mkitoka nje vikaachana, kwa sababu mwanga wa taa haulingani na wa jua. Toka nacho hadi barazani ukitazame. Mkiweza, nunueni wote kwa pamoja kutoka jora moja. Jora la mzigo mwingine huweza kupishana rangi hata kama kiwanda ni kilekile. Inauma kuona ndugu wamejichanga, halafu siku ya sherehe sare inakuwa ya aina tatu.

*Mwalimu anasema hudhurungi na kahawia ni rangi moja. Rafiki yangu anabisha. (Mwanafunzi, Nyegezi)*

Mwalimu yuko sahihi, mwanangu. Kahawia imetokana na kahawa. Hudhurungi zamani lilikuwa jina la kitambaa cha pamba cha rangi hiyo kilicholetwa pwani kutoka Oman. Baadaye likabaki kuwa jina la rangi.

Shika na hili, litakusaidia hata kwenye mtihani: rangi zinazofuata ngeli ni tatu tu, yaani nyeusi, nyeupe na nyekundu. Tunasema shati jeusi, viatu vyeupe, ua jekundu. Nyingi kati ya zilizobaki zimepewa majina ya vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni kile kiungo cha kupikia. Ukikutana na jina geni la rangi, uliza kwanza ni la kitu gani.

*Kitabu cha mtoto kinataja nili na urujuani kwenye upinde wa mvua. Ndizo zipi? (Mzazi, Kirumba)*

Nili ni bluu iliyokolea, ya mmea uliotumika kutia nguo rangi. Urujuani ni zambarau. Upinde ukitokea ziwani, mwonyeshe mtoto ukingo wa ndani: urujuani uko hapo, nili inafuata, kisha bluu.

*Mama mkwe amemwona mwanangu mchanga akasema ni maji ya kunde. Nimekosa raha. Ananisema? (Nansio)*

Hapana, mdogo wangu, amemsifu. Maji ya kunde ni mtu asiye mweusi sana wala mweupe, mwenye ngozi ya kahawia kama maji yanayobaki sufuriani kunde zikiiva. Wengi hulitamka kwa mapenzi. Mpelekee mjukuu wake ampakate.